Nukta za Mtabila

Niliondoka Manyovu asubuhi moja kwa sababu ukungu ulikuwa mzuri. Sina sababu nyingine ya kuwapa, ingawa watu wameniuliza mara nyingi. Nilikuwa nikiuza chai na maandazi pale mpakani, kwa madereva wa malori na vijana wa kubadilisha fedha, na siku hiyo ukungu uliteremka kutoka upande wa Burundi ukafunika kizuizi, malori, hata jiko langu mwenyewe. Nikasikia lori likiunguruma bila kuliona. Nikamwachia jirani yangu birika na vikombe, nikapanda.

"Mama, unakwenda wapi?" dereva akauliza.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kasulu."

"Na mimi."

Ninyi mliobaki ofisini Kasulu mmeniomba niandike kazi yetu ya nyaraka ilivyokuwa tangu mwanzo. Nitaandika, ila msitarajie habari za vyeo. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na ufunguo mwingine wa kutunza. Shule niliiacha darasa la tano. Malori ya chumvi yalikuwa yakipita kijijini kwetu, na mwalimu akatuambia chumvi ya Uvinza hutoka ardhini ikiwa maji. Sikuamini kwamba kitu kikavu na cheupe namna ile kinaweza kutoka ardhini kikiwa maji, nikaenda kuangalia. Ilikuwa kweli. Niliporudi, darasa lilikuwa limesonga mbele bila mimi, nami sikuona haja ya kulikimbiza. Tangu hapo nimeishi hivyo: nikisikia jambo, naenda kuliangalia.

Kasulu sikukaa. Nilipoteremka sokoni niliwakuta wanawake wakijitwisha mihogo kwenda kuuza Mtabila, kwenye kambi ya wakimbizi. Nikambebea mmoja wao aliyekuwa na mtoto mgongoni, tukaenda. Wao walizungumza Kirundi, mimi nikajibu kwa Kiha, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Kambi ilionekana kwanza kama moshi, halafu kama nyasi na mabati, halafu kama mji ambao mtu aliuota akaamka kabla hajamaliza kuujenga. Kwenye geti la ofisi walikuwa wanatafuta mtu wa kufagia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kufagia Mtabila ilikuwa kazi ya kujidanganya. Vumbi la kule ni jekundu na jepesi, linaingia hata pale ambapo upepo wenyewe haujafika. Unafagia chumba, unageuka, limerudi limekaa kama mgeni aliyesahau kofia. Nilifagia vyumba vyote isipokuwa kimoja, kilichokuwa na pazia mlangoni, na nyuma ya pazia taa ilikuwa ikitembea. Inakwenda, inarudi, inazimika. Nilisimama na ufagio wangu kwa muda ambao mwajiri asingeupenda.

"Mama, weye unaangalia nini?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Naangalia taa inayotembea."

"Ile taa iko nasoma. Kuja. Leta mukono."

Huyo alikuwa Papa Dezire, Mrundi aliyekulia Uvira, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimevuka ziwa na kurudi mara kadhaa. Zamani alikuwa na studio ya picha. Kambini walimpa skana, mashine ya kupiga karatasi picha, aingize michoro na nyaraka zote za kambi kwenye kompyuta. Akaufungua mfuniko, akauweka mkono wangu juu ya kioo, taa ikapita chini yake. Kwenye kompyuta ukatokea mkono mweusi wenye mistari myeupe, kama mto mkubwa na vijito vyake ulioonekana kutoka angani.

"Mbona hauna rangi?" nikauliza.

"Mashini hii haijue rangi. Haijue hata kijivu. Inauliza kila nukta: weye uko mweusi ao mweupe? Nukta inajibu. Basi."

"Na kama nukta haijui?"

Papa Dezire alicheka mpaka akavua miwani. "Hapo ndipo kazi yetu inaanza, mama."

Kesho yake nilifagia upesi, nikarudi nyuma ya pazia. Haikupita muda mrefu wakampata mfagiaji mwingine.

Nitaieleza kazi kwa wale watakaokuja baada yenu, maana ninyi mnaijua. Ukurasa ukipigwa picha ya nyeusi na nyeupe tupu, wino hafifu unasimama mlangoni bila kujua uingie wapi. Kuna kitufe cha kusogeza cha kuamua mpaka uwe wapi. Ukikisogeza upande mmoja, penseli ya mtu inayeyuka na hakuna atakayejua iliwahi kuandika. Ukikisogeza upande wa pili, ukurasa mzima unaingia giza, mikunjo ya karatasi inakuwa mabonde, na alama ya kikombe cha chai inakuwa ziwa. Papa Dezire alikisogeza kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio ya mbali. "Sikiliza," alikuwa akiniambia, ingawa hapakuwa na cha kusikia.

Picha hizo tulizihifadhi kama mafaili ya TIFF. Faili moja liliweza kubeba kurasa nyingi, moja nyuma ya nyingine, kama watu kwenye foleni ya mgao. Lilikuwa faili jema, lenye subira, lisilopoteza kitu. Lakini dunia ilichoka nalo. Kompyuta mpya zikaanza kufungua ukurasa wa kwanza tu na kudai kwamba huo ndio wote. Simu zikakataa kabisa. Amri ikaja kutoka juu: kila TIFF igeuzwe PDF, ili mtu yeyote aweze kuifungua popote. Miaka yangu mingi iliyobaki imo ndani ya sentensi hiyo moja.

Mtu wa nje anadhani kugeuza faili ni kubonyeza na kungoja. Kungoja kupo kwingi, sikatai, na mimi nilikupenda. Nilikuwa nikitazama ule mstari wa kijani ukijaa kwenye kioo na kuota nimepanda kitu kinachokwenda mahali. Ila kuna programu ambazo huchukua ukurasa wa kwanza wa foleni na kuwaacha wengine wote wamesimama. Nyingine hugeuza usiku kuwa mchana: maandishi yanatoka meupe juu ya weusi, na mtu anayechapisha humaliza wino wa ofisi kwa barua moja. Nyingine husahau ukubwa wa karatasi, ramani ya kata nzima ikatoka ndogo kama stempu. Niliwahi kuona cheti cha mtu kikitoka kikubwa kuliko mkeka. Kwa hiyo kanuni ya Papa Dezire ilikuwa kufungua PDF iliyozaliwa na kuangalia ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho kabla ya kumwacha mzazi wake, TIFF, aende. "Usizike mama mbele hujaona mutoto anapumua," alikuwa akisema.

Halafu kulikuwa na vidoa. Vumbi la Mtabila lilikaa kwenye kioo cha skana hata ukifuta kila saa, na kila chembe ilijibu swali la mashine kwa ukweli: mimi ni mweusi. Kurasa zetu zilitoka zimenyunyiziwa nukta kama mayai ya kanga. Programu ya kugeuza ilikuwa na kitufe cha kuondoa vidoa kwenye PDF, TIFF ikabaki na vumbi lake. Ukikibonyeza, kila nukta ndogo iliyosimama peke yake inafutika na ukurasa unang'aa. Wakubwa waliotutembelea kutoka mikoani walisifu kurasa zenye kung'aa. Basi sote, Mtabila, Kibondo na Kasulu, tukawa tunakibonyeza kitufe kile kabla hata ya kuutazama ukurasa, kama mtu anavyonawa mikono kabla ya ugali. Ofisi za mijini sidhani kama zilikuwa na desturi hiyo. Ilikuwa desturi ya watu wa vumbi jekundu.

Kambi ilipofungwa, tulikuwa tukipiga picha karatasi upande mmoja huku upande wa pili wakibomoa ukuta. Nyumba zilipungua kila siku. Asubuhi unapita njia uliyoizoea na njia haina tena sababu ya kupinda pale inapopinda. Michoro ya mwisho tuliyoiingiza ilikuwa ya mabomba ya maji. Papa Dezire alinakili mafaili yote kwenye diski, zile zinazong'aa, akaandika juu yake kwa kalamu nene, akazipanga kwenye boksi la kupelekwa stoo ya Kibondo. Kisha naye akapanda lori la kurudi kwao.

"Papa, utafanya nini kule?" nilimuuliza.

"Nitalala siku mbili. Nyuma yake, nitaona."

Ndilo jibu ambalo mimi mwenyewe ningetoa, na labda ndiyo maana sikulia mpaka lori lilipopinda.

Nilihamia Kibondo, na kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya malori yakaanza kuja tena, sasa yakitoka upande ule ule yalikokwenda. Nilikuwa nikitoka ofisini kuyatazama yakipita. Papa Dezire hakuwemo, na nilifurahi kumkosa. Nilipanga chumba, nikakihama, nikapanga kingine, kwa sababu napenda kuamka nisijue dirisha liko upande gani. Baadaye wakanileta Kasulu kwenu, ambako kazi ya kugeuza mafaili ya Mtabila ilikuwa tayari imekamilika kabla sijafika, na kwa uangalifu mkubwa. Sijawahi kuona PDF safi kama zile.

Sasa nifike kwenye jambo mlilotaka hasa niliandike.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati milima inachomwa na jua linachwea katika moshi likiwa limeiva kama papai. Mwanamke aliingia ofisini akiwa na viatu vyekundu kwa vumbi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa Nesi Mwanahawa, mtu wa Tanga, mfawidhi wa zahanati ya kijiji kilicho chini ya milima ya Mtabila. Nyuma yake alikuwa kijana mrefu, Injinia Baraka wa mradi wa maji, aliyetokea Mbeya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Kukaa sikai. Nikikaa nitalala hapa hapa, mtanifagia na vumbi." Akaweka karatasi mezani. "Huu mchoro umetoka kwenu?"

Ulikuwa mchoro wa maji wa Mtabila, umechapishwa kutoka kwenye PDF yetu.

"Umetoka kwetu."

"Basi tusaidieni," Baraka akasema. "Chanzo cha maji kipo, juu mlimani. Tenki lipo. Vituo vya kuchotea vipo, na kimoja kiko mlangoni kwa nesi. Bomba la kuunganisha ndilo halipo. Sasa bibi, maji yalikuwa yanaruka?"

"Labda enzi zile yalikuwa na mabawa," Mwanahawa akasema. "Ninyi Waha mna mambo. Mnatembea kama wapanda mlima hata pasipo na mlima, mtashindwa kurusha maji?"

Tukacheka, lakini yeye hakuchelewa kuacha. Akatueleza. Wodi yake ya wazazi haikuwa na maji. Kila mama aliyekwenda kujifungua alikwenda na pamba yake, kitenge chake, na dumu lake la maji kichwani, akipanda mlima na uchungu umeshamshika. Wiki ile mmoja alifika dumu likiwa limepasuka njiani. "Mtoto nimemwogesha kwa maji yangu ya kunywa," Mwanahawa akasema. "Yangekuwa hayapo, ningemwogesha kwa chai."

Mradi wa Baraka ulikuwa na mafundi na vipuri vya kulifufua bomba la zamani, lakini si bomba jipya. Likionekana, zahanati itapata maji. Wanakijiji walikuwa wakichimba kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kulitafuta, na mitaro ilikuwa imeanza kuwatoa imani. "Jana mzee mmoja kaniuliza, 'Nesi, tunachimba kaburi la nani?' Na mawingu, bibi, mnayaona. Mvua ya kwanza ikinyesha tu, kila jembe linakwenda kwenye maharage."

"Na mimi mafundi nitaamriwa niwapeleke kijiji kingine," Baraka akasema kwa sauti ya chini. "Sitaki, lakini nitaamriwa."

Nikafungua faili kwenye kompyuta. Nilikuza chanzo, nikateremka na kidole juu ya kioo mpaka kwenye tenki, nikateremka tena. Kulikuwa na weupe tu. Weupe wa shuka la hoteli. Nikaendelea kuutazama, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kikinikera, kama jina la mtu unayemjua ambalo linakataa kuja.

"Hii karatasi haijawahi kufika Mtabila," nikasema.

"Kivipi?" Baraka akauliza.

"Mtabila hakukuwa na karatasi nyeupe namna hii. Vumbi liko wapi?"

Akasogea, akainama. "Huwa mnasafisha?"

"Tunasafisha kila kitu. Vidoa vyote."

Baraka akachukua kalamu na kipande cha karatasi, akachora duara, na kutoka kwenye duara akagonga kalamu: ta, ta, ta, ta. "Bibi," akasema, "bomba lililo juu ya ardhi tunalichora kwa mstari. Lililofukiwa, mchoraji mwingine hulichora kwa nukta."

Sote watatu tukautazama ule weupe.

"Mmelifagia bomba langu," Mwanahawa akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesimulia ndoto.

TIFF zenyewe zilikuwa zimeshafutwa kwenye kompyuta ya Kasulu ili kupata nafasi. Zilizobaki, kama zilibaki, zilikuwa kwenye diski za Papa Dezire, stoo, Kibondo. Mwanahawa akarudi kwa wagonjwa wake. Mimi na Baraka tukapanda gari la mradi asubuhi iliyofuata.

Barabara ya Kibondo msimu ule inapita ndani ya moshi. Miti inatokea, inakutazama, inarudi ilikotoka. Baraka aliendesha huku akiuliza maswali juu ya nukta, na mimi nikimuuliza juu ya maji: kwa nini yanakubali kupanda upande wa pili wa bonde kama yametoka juu zaidi, hukaa wapi usiku bomba likifungwa. Alinijibu yote. Sikumbuki kama tulikula.

Mtunza stoo wa Kibondo alikuwa Mama Sabina, tuliyefanya kazi pamoja zamani, mwanamke asiyetupa kitu.

"Mwakeye, Koleta!" akanisalimu kwa Kiha. "Umerudi kupanga chumba kingine?"

"Mwakeye. Safari hii natafuta boksi la diski za Mtabila."

Uso wake ukabadilika kidogo. Akalitoa boksi. Lilikuwa nusu tupu.

"Nyingine ziko wapi, mama?" Baraka akauliza.

"Zipo. Hazijaenda mbali." Akajifunga kitenge vizuri. "Waliniambia hazina kazi tena, kompyuta mpya hazina hata mdomo wa kuzilia. Na ndege mwaka huu wamekuwa wengi kwenye mtama wangu."

"Mama Sabina!"

"Ndege hawajui kama zina kazi au hazina kazi, Koleta. Wanaona zinamulika, wanakimbia."

Tulizipekua zilizobaki boksini kwanza. Zilikuwa za barua na mishahara ya watu walioondoka. Basi tukaenda shambani, kwenye bustani ndogo ya mtama aliyokuwa akiimwagilia bondeni. Nimeona mambo mengi katika kuzurura kwangu, lakini siwezi kuliweka jambo lolote mbele ya lile shamba. Diski zilikuwa zimening'inizwa kwenye kamba juu ya mtama, zikizunguka taratibu, na kila moja ikirusha kipande cha jua. Vipande vya mwanga vilikimbia juu ya masuke, juu ya nguo zetu, juu ya uso wa Baraka aliyekuwa amesahau kufunga mdomo. Kumbukumbu nzima ya kambi ilikuwa ikielea pale, ikifukuza kwera, ndege wala mtama.

"Mzee Dezire aliandika kwa mkono wenye mikia mirefu," nikamwambia Baraka. "Tafuta neno MAJI."

Tukapita katikati ya mtama tukizishika moja moja na kuzigeuza. Wino ulikuwa umefifia kwa jua. Mama Sabina akatufuata akituonya tusikanyage, na ndiye aliyeita kutoka kona ya mbali: "Hii hapa ina M. Kama si maji, ni mashati."

Ilikuwa MAJI. Upande wa chini ilikuwa na mikwaruzo, mmoja mrefu kama kovu.

"Bibi, hii imekufa," Baraka akasema.

"Haijafa. Iko na homa." Nilijisikia nikizungumza kama Papa Dezire.

Tuliiosha kwa sabuni ya kipande na maji ya kwenye dumu la Mama Sabina, tukaikausha kwa kitambaa laini, tukifuta kutoka katikati kwenda nje. Ofisi ya Kibondo ilikuwa bado na kompyuta moja ya mezani ya zamani yenye kisahani cha kumeza diski. Ikaimeza. Ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma. Nikaanza kunakili faili. Ule mstari wa kijani ulitembea, ukafika mahali pa kovu, ukasimama.

Nje mawingu yalikuwa yamepanda mpaka juu ya paa, na harufu ya mvua ya mahali pengine iliingia dirishani. Baraka aliangalia mawingu, mimi niliangalia mstari. Unapongoja mashine, jambo baya zaidi ni kuigusa. Nilikalia mikono yangu. Mama Sabina alianza kusali rozari kwa sauti ya chini, akakatisha katikati kusema, "Mwaka kesho nitatumia makopo," akaendelea.

Mstari ukatikisika, ukapita.

TIFF ilikuwa na kurasa tano. Wa nne ndio mchoro. Ulipofunguka, Baraka aligutuka, kwani ulikuwa umejaa nukta kila mahali, kama mtu amemwaga ulezi juu ya meza. Vumbi la Mtabila lilikuwa pale pale tulipoliacha. Nikaligeuza faili kuwa PDF, kurasa zote tano, na kitufe cha vidoa sikukigusa. Nikaufungua wa kwanza, wa katikati, wa mwisho. Kisha tukarudi kwenye wa nne.

"Sasa zote ni nukta," Baraka akasema. "Vumbi ni lipi na bomba ni lipi?"

Tukaupunguza ukurasa mpaka ukaingia wote kwenye kioo, tukarudisha viti nyuma. Nikalegeza macho, kama unavyotazama moto. Vumbi halina safari. Linakaa popote lilipoangukia, halimngojei mwenzake. Lakini kutoka kwenye tenki kulikuwa na nukta zilizofuatana, kila moja ikiacha nafasi sawa na iliyotangulia. Zilianza kuelekea barabarani, kisha zikaghairi. Zikazunguka mlima kwa nyuma, kwenye mikaratusi, zikaja zikaingia zahanati kwa upande wa uani.

"Lilikwepa mwamba," Baraka akanong'ona. "Sisi tunachimba mbele, kwenye mwamba. Bibi, hapo umetisha."

"Nukta za kwako, weupe wa kwangu," nikamwambia. "Tuma haraka."

PDF ilikwenda kwa simu, ndogo na nyepesi, na hapo nikakubali kwamba wale wa juu hawakukosea kuitaka. Tulilala Kibondo. Siku ya pili yake tulikuwa njiani kurudi, mvua imeanza kugonga kioo cha gari, simu ya Baraka ilipoingiza ujumbe wa sauti. Akasimamisha gari. Zilisikika kelele za watu wengi kwanza, halafu sauti ya Mwanahawa, amekaukiwa na pumzi:

"Bibi! Chuma kimelia! Nyuma kwenye mikaratusi, kama mlivyosema. Mvua inatunyeshea na hakuna aliyeondoka. Yule mzee wa kaburi ndiye kashika jembe, kakataa kulitoa, anasema atakayemgusa atamfukia humo humo. Baraka, lete mafundi wako, upesi!"

Baraka aliweka paji la uso kwenye usukani. Kisha akawasha gari, akaendesha vibaya sana mpaka Kasulu.

Mengine mnayajua. Mafundi walikuwa bado wakibadilisha viungo vilivyooza wakati muda wangu wa kazi ulipokwisha. Mlininunulia soda na kitenge, mkasema maneno mazuri, na mmoja wenu akaniuliza nitakaa wapi. Chumba cha Kasulu nilikuwa nimekirudisha kwa mwenyewe. Ila nilikuwa nimesikia kwamba maji yamefika, na kusikia tu hakujawahi kunitosha.

Nilifika kijijini kwa Nesi Mwanahawa mchana, maharage yakiwa yameshatambaa kila mahali na milima imeoshwa. Mitaro mitupu ya upande wa barabara ilikuwa imeota majani. Nyuma, chini ya mikaratusi, udongo uliofukiwa upya ulikuwa bado una rangi mbichi, nikaufuata kwa miguu badala ya kufuata njia, ukanileta mpaka uani. Kulikuwa na bomba la kusimama na koki ya shaba. Sikuifungua. Niliishika tu, ilikuwa ya baridi.

"Mwizi wa maji!" Mwanahawa akapaza sauti kutoka mlangoni, mikono ina povu mpaka viwikoni. "Shikamoo, bibi yangu. Na begi? Unasafiri wapi?"

"Nilikuwa nakuja kuona."

"Umeona?"

"Bado."

Akanitazama, akalitazama begi, akaelewa. Alinishika mkono kwa mkono wake wenye sabuni akanipeleka kwenye chumba kidogo kilichogusana na wodi, chenye dirisha moja na kitanda cha chuma.

"Humu kina mama walikuwa wanapanga madumu yao. Siku hizi hakuna anayekuja na dumu, na mimi sipendi chumba kikae bure. Utalala humu mpaka uchoke."

"Mimi huchoka upesi, mwanangu."

"Basi choka ukiwa umelala."

Akaitwa, akakimbia. Sakafuni saruji ilikuwa imebaki na alama za madumu, safu kwa safu, nyeusi juu ya kijivu. Niliweka begi langu juu yake, nikavua viatu, nikakaa kitandani. Upande wa pili wa ukuta maji yalikuwa yakimiminika ndani ya beseni, na mtoto mchanga akilalamika kwa nguvu zake zote kwamba ni mengi mno.